Mdhamini wa Aliyekimbia

Singe,
Babati, Manyara.

12 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nestory,

Marahaba! Najua hujaniamkia, lakini mimi ni dada yako mkubwa na nimeamua kuitikia mapema, maana nikiisubiri shikamoo yako kutoka Masasi nitazeeka nayo mlangoni.

Hujambo? Kifua chako kile cha vumbi kinaendeleaje na joto la huko? Unakula vizuri? Je, umepata wa kukupikia, au bado ni ule ugali wako wa kukwaruza sufuria? Unalala kwenye neti? Nijibu yote, usiruke swali hata moja kama ulivyokuwa unafanya kwenye mitihani.

Barua hii anakuletea Mustapha, yule dereva wa fuso, anayekuja huko kubeba korosho. Simu yako inaita mpaka inachoka, na ujumbe ninaokutumia unabaki na tiki moja mwaka mzima. Nikasema basi, tutumie njia ya wazee. Mustapha nimemwagiza asiiache kwa mtu, akupe mkononi na asimame hapo mpaka umeifungua.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mguu wa mama yako umepona kabisa. Anakwenda kanisani bila fimbo, na fimbo yenyewe sasa anaitumia kuwafukuzia mbuzi. Binti yangu Vailet yuko kidato cha tatu, amenipita urefu, na anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mbaazi tulivuna vizuri mwaka huu. Bei haikuwa mbaya, na nimeezeka upande ule wa jiko uliokuwa unavuja.

Baba yako, Baba Mdogo wangu, naye ni mzima. Yeye ndiye sababu ya barua hii, kwa hiyo nitamfikia polepole.

Sasa nije kwenye maji. Usiiweke barua chini. Najua neno hilo ndilo lililokuhamisha Babati, lakini kila mtu hapa anaisimulia habari hii kwa namna yake, na mimi nataka upate ya kwangu tangu mwanzo.

Mradi ulikuwa wetu. Lile bomba la mserereko, la maji ya kushuka yenyewe kutoka chemchemi ya juu mlimani, tulilifukia sisi wenyewe kwa msaragambo, kila nyumba ikichimba kipande chake, wewe ukiwa bado unavaa kaptura. Baadaye tukachoka. Vikao havikutimia, koki zikavuja, mtunza bomba akawa analipwa ahadi. Ilipokuja Kampuni ya Tiririka na karatasi zake za kung'aa, ikasema itachimba kisima kirefu, italeta pampu ya umeme na mita za kadi, jumuiya yetu ya watumia maji ikaikabidhi kila kitu. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu nilikuwa na kitalu changu cha miche ya parachichi na nilichotaka ni maji tu, yawe ya jumuiya au ya kampuni.

Wewe wakakufanya wakala. Ukapita nyumba kwa nyumba na fulana ya bluu, ukiwaambia watu walipie dhamana ya mita. Wa kwanza kulipa alikuwa baba yako, ili wengine wakiona Mzee Xavery amelipa wasiogope. Wakalipa.

Mengine unayajua. Miaka miwili maji yalitoka mpaka tukasahau ndoo. Kisha pampu ikaungua, fundi akasemwa yuko njiani, na njia hiyo haikuisha. Mkurugenzi akawa hapatikani. Tiririka ikakauka, na miche yangu mia nne ikakauka nayo ikiwa imenifika magotini. Nawe ukaondoka na basi la alfajiri bila kuaga.

Nikwambie ukweli, Nestory, nilikukasirikia sana. Nilisema sokoni, mbele ya watu, kwamba mdogo wangu ametuuzia bomba la hewa. Maneno hayo yalikufikia, najua, kwa sababu Babati ni mji mdogo na midomo yake ni mirefu. Naomba unisamehe. Niliumia kwa miche yangu, nikamtafuta wa kumpiga, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Kuna jambo limenikera miaka yote hii. Mita zilipokuwa zinahesabu, faida ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa na ofisi na gari. Hasara ilipokuja ikawa yatima, ikaanza kutafutiwa mlezi. Mkurugenzi alisema ni ya benki. Benki ikasema ni ya kampuni. Mwenyekiti wa jumuiya akasema ni yetu sote, na sisi sote tukasema ni ya Nestory. Mzigo wa mwenzio kanda la sufi, waliosema hawakukosea. Tulikubebesha wewe tukarudi kuchota maji ya mkokoteni.

Mwezi uliopita, kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, ikabandikwa karatasi. Ilisema kampuni imefilisika, mahakama imeteua mfilisi, na "wote walioweka dhamana" wafike ukumbi wa kanisa Alhamisi saa nne asubuhi wakiwa na stakabadhi zao.

Hapo ndipo Singe ilipochanganyikiwa. Wewe na mimi tukisikia dhamana ya mita tunaelewa ni fedha unayoiacha kwao ili siku moja urudishiwe. Lakini muulize mzee yeyote wa hapa dhamana ni nini. Atakwambia ni ile ya polisi na mahakamani. Mtu amekamatwa, wewe unatia saini aachiwe, na akikimbia unabaki nayo wewe. Na kampuni si ilikuwa imekimbia?

Basi habari ikatembea kwamba serikali inawakusanya wadhamini wa Tiririka ili walipe madeni yake. Kufikia Jumatano stakabadhi zilikuwa zimekwisha Singe. Mama Bernadeta, yule mjane wa kwa fundi cherehani, aliwashia yake moto wa chai. Jirani yetu Simon aliona kuchoma karatasi hakutoshi, akang'oa na mita ukutani akaitumbukiza chooni, asije akafuatwa kwa namba yake. Nilijaribu kuwaeleza, wakanitazama kama niliyetumwa.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa na sababu ya kuogopa kuliko wote. Sijui kama aliwahi kukusimulia habari za Konstantini. Kabla hujazaliwa, huyo Konstantini alishtakiwa kwa kesi ya ng'ombe, na baba yako akamwekea dhamana kwa sababu walikua pamoja. Konstantini akatokomea huko Kiteto. Baba yako alikwenda mahakamani peke yake na kulipa kwa kuuza mtamba wake mwenye mimba, mnyama wa pekee aliyekuwa naye. Hakumfuata Konstantini na wala hakumsema. Marehemu baba yangu alikuwa akimcheka kwa hilo kila Krismasi, naye alijibu sentensi moja tu, kwamba saini ilikuwa ya mkono wake.

Alhamisi hiyo nilikaa karibu na dirisha la ukumbi. Saa nne kasoro namwona Baba Mdogo anakuja barabarani, amevaa koti lake la Pasaka, na mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba ni Bosi. Unamjua Bosi, maksai mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Ukimwondoa huyo, mwenzake hawezi kuvuta jembe peke yake, na mvua ndiyo hizo zinakuja. Baba yako alikuwa anavuta kwa kamba chakula chao cha mwaka mzima. Mama Mdogo, mama yako, hakuja naye. Alisema hataki kuona.

Akamfunga Bosi kwenye nguzo ya kengele, akaingia, akavua kofia.

Mfilisi ni binti mmoja anaitwa Amna, mdogo kwa umri kuliko wewe, ana kompyuta na sauti ndogo. Baba Mdogo hakusubiri kuitwa. Akafika mezani, akaiweka stakabadhi yake iliyokunjwa ndani ya kitabu cha sala, akasema, "Nimeitwa kama mdhamini. Nimefika."

Binti akaisoma. "Mzee wangu, hapa hudaiwi. Wewe unadai."

"Sema vizuri, binti yangu, sikio hili limezeeka. Ninadai au ninadaiwa?"

"Unadai, mzee. Anayedaiwa ni kampuni."

Nestory, ungewaona watu! Silabi moja tu imetoka mwishoni mwa neno, na ukumbi mzima umepona homa. Watu walicheka, wakapigana mabega, na waliochoma stakabadhi wakaacha kucheka kabla ya wengine. Simon alishika kichwa kwa mikono miwili.

Amna akatuliza watu, akatueleza foleni ilivyo. Vitu vya kampuni vitauzwa, yaani pampu, pikipiki na meza za ofisi. Watakaolipwa mwanzo ni wafanyakazi na benki, na sisi wateja tuko mkiani. Pengine tutapata theluthi ya tulichotoa. Wenye kampuni wanapoteza hisa zao basi, nyumba zao haziguswi. Ndivyo sheria ilivyo, alisema, na niliona kwamba hata yeye hakuifurahia.

Baba Mdogo alikuwa bado amesimama. Akauliza, "Sasa huyu aliyekimbia, mdhamini wake alikuwa nani?"

"Kampuni haina mdhamini, mzee."

"Mtu asiye na mdhamini ndiye tuliyemkabidhi maji?"

Mwenyekiti wa jumuiya akaanza kusoma karatasi ambayo haikuwa na maandishi. Ndipo Mama Bernadeta akasema kutoka nyuma, si kwa ukali, bali kwa uchovu, "Mdhamini wake alikuwa Nestory. Ndiye aliyetuambia inaaminika."

Nilitaka kusimama nikutetee, na nikakumbuka maneno yangu ya sokoni, nikabaki nimekaa.

Baba yako akageuka akamtazama. "Umesema kweli, Mama Bernadeta. Mwanangu aliidhamini. Na mimi ni mdhamini wa mwanangu. Maksai yuko nje."

Binti Amna aliacha kuandika. Nakwambia nililia hapo hapo, wala sikujificha, na sikuwa peke yangu.

Mama Bernadeta aliinuka. Tulidhani anakwenda zake. Akatoka nje, tukamwona dirishani anafungua kamba kwenye nguzo. Akarudi na Bosi mpaka mlangoni, nusu ya mnyama ndani, nusu nje, akaiweka kamba mkononi mwa baba yako. "Mrudishe nyumbani mnyama wako, Baba Nestory. Yule mtoto alituambia tulichotaka kusikia, nasi tulisikia kwa masikio yetu. Ila akirudi, apewe kipande chake kama sisi."

Hapo ndipo mkutano ulipogeuka. Mtu akauliza kipande cha nini, na swali likafungua mengine. Lile bomba la mserereko la zamani je, nalo litauzwa? Amna akatafuta kwenye makaratasi yake. Bomba lilikabidhiwa litunzwe, halikuuzwa kwa kampuni, kwa hiyo halimo kwenye mali za kulipia madeni. Ni la waliolichimbia. Wazee walipiga makofi, na safari hii nami nilipiga nikijua ninachokipigia.

Tukakubaliana pale pale. Hiyo theluthi, ikija, haitaingia mfukoni mwa mtu. Kwa ahadi yake tumeshakopa mabomba ya kubadilisha sehemu zilizooza, na mwenye duka la vifaa amekubali kusubiri. Kuchimba ni msaragambo kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, kama zamani. Kwa waliopoteza stakabadhi, binti alisema namba ya mita iliyopo ukutani inatosha. Simon alikaa siku mbili chooni kwake na waya uliopindwa, anavua. Aliipata. Usimuulize ameiweka wapi.

Usidhani nimeridhika na yote. Yule mkurugenzi mpaka leo hajachimba hata hatua moja. Ningekuwa mimi ndiyo sheria, ningempa kipande chake pale kwenye mwamba, na sululu butu. Aliyekula faida ndiye angeanza kuonja hasara, halafu jumuiya iliyomkabidhi bila kuuliza, halafu sisi wapiga makofi, na wakala awe wa mwisho kabisa. Kwetu foleni ilikwenda kinyume. Lakini naona afadhali kuchimba kuliko kununa, na ukweli ni kwamba Jumamosi hizi nimezifurahia. Tunapika makande kwenye sufuria moja, tunataniana, na watu ambao hawakusalimiana tangu pampu iungue sasa wanapokezana chepeo.

Wiki iliyopita maji yalifika kwenye kioski cha chini cha kuchotea. Ni baridi, na yana ladha ileile ya mawe. Nimeanza tena kitalu, miche mia moja tu kwanza.

Sasa nikuambie kinachobaki. Kipande chako kipo. Ni cha mwisho kabisa kwenye tawi letu, kutoka kwenye ukuta wa Simon mpaka geti la kwenu. Hatua kumi na mbili, nimezipima kwa miguu yangu. Bomba limefika hapo, limezibwa kifuniko, linasubiri. Vijana wa mtaa walitaka kukimaliza kwa nusu saa. Baba yako akasimama katikati akawaambia kipande hicho kina mwenyewe. Amepiga kigingi hapo na kuandika jina lako kwa rangi nyeupe iliyobaki ya dirisha. Mama yako anaendelea kuchota kwa ndoo kwa ajili ya hatua kumi na mbili, na hajalalamika hata siku moja, jambo ambalo unajua kwake si la kawaida.

Nilimhurumia Baba Mdogo kwa kosa lile la neno. Nilidhani umri na habari za Konstantini ndivyo vilivyompeleka kanisani na maksai. Juzi nikawa nacheka jambo hilo tukifua na Vailet, na Vailet hakucheka. Aliniambia kwamba Jumatano ile, jioni, Babu alimwita amsomee tangazo. Akamsomea mara mbili na kumweleza vizuri kwamba dhamana hii ni fedha zake mwenyewe, anakwenda kurudishiwa, hadaiwi kitu. Babu akasema, "Nimeelewa, mjukuu wangu." Akamshukuru. Kisha akaenda kutafuta kamba.

Alijua, Nestory. Alisimama mbele ya ukumbi mzima akajifanya mzee asiyejua dai na daiwa, ili jina lako likitajwa liwe na mtu wa kulijibu.

Basi mdogo wangu, sina ziada. Mama Mdogo Katarina anakusalimu, anasema ule kabla ya kulala na uache kulala na feni usoni. Vailet anakupa shikamoo zake mbili, moja ya mwaka huu na moja ya mwaka jana. Simon anakusalimu, na Mama Bernadeta naye, amenikumbusha mara tatu nisisahau kuandika jina lake. Baba Mdogo nilimuuliza kama ana la kukuambia. Alifikiri sana, akasema nikuulize huko udongo ni wa namna gani.

Mungu aliyekuvusha huko akuvushe na kurudi, akupe kiti cha dirishani na dereva asiye na haraka. Mvua za kwanza zitaanza mwezi ujao, na mtaro ukiingia maji ya mvua kabla haujafukiwa utakuwa kazi mbili.

Nusu ya nauli nimempa Mustapha. Jembe na sululu usibebe. Baba yako ameshatia sululu yako mpini mpya.

Ni mimi dada yako niliyekusema sokoni na ninayekupenda hata hivyo,

Conjesta
(Mama Vailet)